Maisha ya Mkulima Mmoja wa Nchi ya Masasi

Maneno yaliyonenwa na katekista mbele ya wakristo na walimu katika kukumbuka miaka 100 ya dayosisi, 1926–2026



Katika siku hizi za yubile mmekwisha kusikia habari nyingi za watu wakubwa. Mmesikia jinsi Askofu Edward Steere alivyopanda kutoka Lindi mwaka 1876 pamoja na watu waliokombolewa katika utumwa, nao walikusudia kwenda mbele mpaka nchi za Nyasa, lakini walipofika penye milima hii ya mawe wakaomba kukaa papa hapa. Mmesikia jinsi misheni ilivyochomwa moto wakati wa vita vya Maji Maji mwaka 1905, na jinsi dayosisi ilivyofanywa mwaka 1926, Askofu Vincent Lucas akawa askofu wake wa kwanza. Mambo hayo yameandikwa vitabuni, nasi twafanya vema kuyasoma na kuwasomea watoto.

Lakini Padre wetu aliniita nyumbani kwake akaniuliza, "Mwalimu, ni nani atakayesema habari za wale waliolima? Au maaskofu na mapadre walikula mawe ya Mtandi?" Nikacheka, kisha nikaona ya kuwa swali lake si la kucheka. Basi leo nitasema habari za mkulima mmoja tu, ambaye namjua kuliko nimjuavyo mtu mwingine, maana ni baba yangu mzazi, aliyefariki mwaka 2019. Sitamtaja jina. Mwenyewe hakupenda jina lake kutajwa mbele za watu wengi. Tena nadhani wengi wenu mwaweza kutia majina ya baba zenu mahali pa jina lake, wala habari hizi zisiharibike sana.

Alizaliwa mwaka 1946 katika ukoo wa Wamakua, karibu na njia iendayo Nachingwea. Alipokuwa angali akibebwa mgongoni, serikali ya Waingereza ilianza ule mpango mkubwa wa karanga, mwaka 1947, na Nachingwea palikuwa mahali pamoja palipochaguliwa. Babu alikwenda kutafuta kazi huko ya kusafisha mapori. Aliona mashine kubwa zikiangusha miti kwa saa moja kuliko watu wa kijiji kizima kwa mwezi. Lakini mwaka 1951 mpango ukaachwa, maana ulikula fedha nyingi mno na karanga zilizopatikana zilikuwa chache. Babu akarudi nyumbani na blanketi moja, na sufuria moja, na neno moja ambalo baba alituambia mara nyingi: "Nguvu niliiona. Lakini sikumwona mtu aliyelipenda lile shamba."

Baba alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Alitiwa jandoni kwa utaratibu wa Kanisa, ule uliotengenezwa zamani na Askofu Lucas ili mafundisho ya wazee na sala vikae pamoja. Alijua kusoma, kuandika na kufanya hesabu, na kwa vitu hivyo vitatu aliendesha maisha yake yote. Elimu nyingine hakuipata, wala hakulalamika.

Mwaka 1967 akaoa. Hapa yanipasa kusimama kidogo nieleze desturi yetu, kwa ajili ya wageni na kwa ajili ya watoto waliozaliwa mjini. Kwetu sisi Wamakua, na kwa jirani zetu Wayao na Wamakonde, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mwenye kauli juu yake ni mjomba. Mwanamume akioa, aghalabu huenda kukaa kwa wakwe zake, na huko hulima ardhi isiyokuwa yake. Na akifa, desturi ya zamani yasema vitu vyake viwaendee wapwa zake, yaani watoto wa dada yake, wala si watoto aliowazaa mwenyewe. Desturi hii ilikuwa na maana yake, nayo iliwalinda akina mama na watoto wasitupwe ovyo. Lakini ilizaliwa wakati mali ya mwanamume ilikuwa jembe, shoka, upinde na nguo. Mikorosho haikuwamo katika hesabu yake. Mkorosho huishi miaka mingi kuliko jembe, nao huzaa kila mwaka.

Basi baba akaenda kukaa kwa wakwe zake. Wazee husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Yeye hakungoja siku ya tatu. Mjomba wa mama akamwonyesha pori, akamwambia, "Lima hapa. Ardhi ni ya dada zetu, lakini mti ni wa mkono ulioupanda." Neno hili mlitie moyoni, maana tutalirudia.

Mvua za mwaka 1968 zilipoanza, alipanda mikorosho yake ya kwanza. Mti huu, kama mjuavyo, si wa asili ya kwetu. Wareno waliuleta pwani za Afrika kutoka Brazili katika karne ya 16, nao ukazoea mchanga wetu kana kwamba ulizaliwa hapa. Baba alizitia mbegu katika ndoo ya maji. Zilizoelea alizitupa, zilizozama alizipanda, tatu katika shimo moja, na zilipoota akauacha mche mmoja ulio na nguvu. Kutoka shimo mpaka shimo alipima hatua 12. Jirani walimcheka, wakasema, "Mgeni huyu anapoteza ardhi ya watu." Yeye akapanda mihogo na kunde katikati ya mistari, akavuna chakula miaka yote ile wakati miche ilipokuwa midogo. Wale waliopanda miti karibu karibu, matawi yao yakashikana, jua lisiingie, na mazao yakapungua. Baba hakuwacheka. Alikwenda kuwasaidia kupunguza miti.

Kisha ukaja mwaka 1974. Wazee mlio hapa mwaukumbuka. Amri ilitoka kwamba watu wote wahame mashambani, wakae pamoja katika vijiji vya ujamaa, ili wapate shule, maji na dawa. Shule zilijengwa kweli, nami nilisoma katika mojawapo. Lakini mikorosho haikuweza kuhama. Shamba la baba likabaki nyuma, mwendo wa saa mbili kwa miguu, na njia yenyewe ilipita katika pori la nguruwe. Na si lake tu. Katika msimu wa 1973/74 nchi yetu ilipata tani 145,000 hivi za korosho. Katika msimu wa 1986/87 hazikufika tani 20,000. Mashamba yalikuwa mbali na watu, bei ilikuwa ndogo, na tena ulitokea ugonjwa tuuitao ubwiri unga, ule ugonjwa mweupe kama unga unaoshika majani machanga na maua hata yakakauka kabla ya kuzaa.

Mimi nalizaliwa mwaka 1981, na jambo la kwanza nilikumbukalo katika maisha yangu ni sauti ya mashoka. Nilikuwa na umri wa miaka sita hivi. Watu walikuwa wakikata mikorosho yao, wachome mkaa au wapate mahali pa kulima mahindi. Siwalaumu, maana mtu hawezi kuwapa watoto maua yaliyokauka wakala. Siku moja jirani mmoja alimwambia baba, "Shemeji, wewe wangoja nini? Kata." Baba akajibu, "Naona uvivu kukata kitu nilichokipanda mwenyewe." Huyo ndiye mtu ambaye kila Jumatatu alitoka nyumbani kabla ya jogoo wa pili, jembe begani, unga wa muhogo mfukoni, akalala shambani katika dungu mpaka Ijumaa, peke yake, akipalilia miti isiyozaa. Jumamosi alitengeneza nyumba na kukata kuni za mama. Jumapili alikuja kanisani, akakaa benchi la nyuma, na mara nyingi wakati wa mahubiri alisinzia. Nasema hili nikiwa katekista: usingizi ule sidhani ya kuwa ulimchukiza Mungu.

Nguvu ya dawa ilipokuja, yaani unga wa salfa na mashine za kuupulizia, baba alikuwa na miti ya kupulizia, na wengine wengi hawakuwa nayo. Watu husema alikuwa na bahati. Hawakuiona njia ile ya saa mbili.

Sasa niwaambie jinsi mwaka wake ulivyokwenda, ili watoto wa shule wajue korosho hutoka wapi. Mvua zikiisha, mwezi wa tano na wa sita, alipalilia na kukata matawi yaliyokufa na yale yaliyogusa ardhi. Maua yakianza, mwezi wa saba na wa nane, alipuliza salfa alfajiri, upepo ungali umelala na umande ungali juu ya majani, ili dawa ishike. Kabla korosho hazijaanza kuanguka alifagia chini ya kila mti mpaka pakawa safi kama uwanja wa kanisa. Tangu mwezi wa kumi hata wa kumi na mbili tuliokota. Kuokota ni kazi ya kuinama kutwa nzima, na sehemu kubwa ya kazi hiyo aliifanya mama pamoja nasi watoto. Tulizitenga korosho na mabibo, tukazianika juani, tukazichambua za daraja la kwanza na za daraja la pili, tukazitia katika magunia ya katani, maana korosho ikitiwa katika mfuko wa plastiki hutoka jasho ikaharibika. Mama alikuwa akibangua chache kwa chakula cha nyumbani, na mafuta ya ganda yaliunguza vidole vyake, mpaka leo vina madoa meusi.

Baba alikuwa na daftari. Ndani yake aliandika kila gunia, uzito wake, daraja lake, siku lilipopelekwa chamani, na siku fedha zilipolipwa. Utaratibu wa stakabadhi ghalani ulipoletwa katika korosho mwaka 2007, wengi waliona taabu kuelewa kwamba watalipwa mara ya kwanza na mara ya pili. Yeye alichora mstari mwingine katika daftari lake, basi. Na fedha zilipokuja hazikupita kilabuni kwanza. Alitandika mkeka, akamwita mama, akatuita na sisi watoto, akazihesabu mbele yetu sote, akazigawa mafungu mawili yaliyo sawa, akasema, "Hili la aliyepalilia, hili la aliyeokota." Katika fungu lake yeye zilitoka karo za watoto wanane. Watano kati yetu walifika sekondari. Uraka alikunywa katika msimu wake kama watu wote, lakini hakunywa kabla ya kuhesabu.

Mababa na mama, mpaka hapa nimemsifu, na sifa za mtoto kwa baba yake ni rahisi. Lakini kama nikiacha hapa nitakuwa nimewaletea sanamu, wala si mtu. Baba alikuwa na moyo mgumu katika jambo moja, na jambo hilo lilimgharimu sana.

Alikuwa na dada yake mmoja tu, tumbo moja. Mwana wa kwanza wa dada huyo alikaa kwetu alipokuwa mtoto. Mwaka 1984 baba alipanda miti mipya mahali pa ile iliyokufa, na kiangazi kilipokuja kijana yule, mwenye umri wa miaka 12, ndiye aliyechota maji kijitoni na kunywesha miche, jioni na asubuhi. Mwaka 1992, amekuwa mtu mzima, akaja shambani baba hayupo, akachukua magunia mawili ya korosho akayauza. Kwa mujibu wa desturi, mpwa akichukua kitu cha mjomba wake hawi mwizi sana. Yeye mwenyewe aliona anachukua katika mali itakayokuwa yake siku moja. Lakini magunia yale yalikuwa karo ya dada yangu mkubwa, naye mwaka ule akarudishwa nyumbani kutoka shuleni.

Baba akakasirika hasira isiyo na kelele. Akamkataza mpwa wake asikanyage kwake. Kisha, na hili ndilo kosa, akamkataza na dada yake. Shangazi alikuja mara mbili kuomba maneno yaishe. Mara ya kwanza baba alitoka kwa mlango wa nyuma. Mara ya pili alikaa naye ukumbini, asimpe hata maji. Miaka sita ikapita hivi. Mwaka 1998 mtu akaja na baiskeli usiku kutuambia kwamba shangazi amefariki. Baba alinunua sanda, akatembea usiku kucha, akafika, akakaa mbali na wenziwe chini ya mwembe. Nilimpelekea maji ya kunawa, akayashika kwa mikono miwili wala asinawe. Baada ya siku ile hakulitaja jambo lile kwa muda wa miaka 20.

Mwaka 2018 maradhi yakamshika, naye akajua ya kuwa hatapona. Nami nikaona wakati wangu umefika wa kuonyesha elimu yangu. Mimi niliyesomeshwa kwa misheni, niliyezoea karatasi, nikaandika wosia mzuri kwa mwandiko wa kunyoka. Nikaandika kwamba mikorosho yote 184 ni ya watoto wake wa kuzaa, kwa sehemu sawasawa, na kwamba wapwa hawana haki yo yote. Nilisema moyoni, "Desturi ile imezeeka. Tena wao ndio waliotuibia." Nikampelekea baba kitandani pamoja na kalamu.

Akaisoma yote, polepole, akifuata kwa kidole. Kisha akasema, "Umeandika vizuri, mwanangu. Lakini karatasi hii haijafika shambani." Nikamwambia, "Baba, wewe huwezi kwenda shambani." Akasema, "Mwite mpwa wangu aje na baiskeli."

Mpwa aliyemtaka ni yule yule wa magunia mawili. Alikuja siku ya tatu, mtu wa makamo sasa, mvi zimeanza. Alisimama uani asijue kama aruhusiwa kukaa. Baba akamwambia, "Nipandishe." Akampakia nyuma ya baiskeli, akaisukuma mwendo wote ule hata shambani, nasi tukafuata kwa miguu: mama, na watoto sita tuliokuwapo, na wapwa wengine wawili, na mjomba wetu mwenye kauli ya ukoo wa mama. Mikorosho ilikuwa imeanza kuzaa, na mabibo machache yalikuwa yameiva.

Kwa muda wa siku mbili baba alipita mti kwa mti. Daftari lake alikuwa nalo. Katika kila mti alisema, "Huu nalipanda mwaka fulani. Shimo lake alilichimba fulani. Kiangazi cha kwanza alinywesha fulani." Nami niliyedhani nalijua shamba lile nikaona kwamba sikujua kitu. Kulikuwa na mstari mzima niliodhani ni kazi ya baba peke yake, kumbe mashimo yake aliyachimba mama akiwa na mimba yangu. Baba akakata kitambaa cheupe vipande vipande, akafunga kimoja kimoja mitini.

Tulipofika penye miti 20 iliyo upande wa kijito akasema, "Hii alinywesha huyu," akamnyoshea kidole yule mpwa. "Ni yake."

Sikuweza kunyamaza. Nikasema mbele ya watu wote, "Baba, huyu ndiye aliyeuza magunia yetu."

Baba akashika shina la mti apate kusimama. Akasema, "Ni kweli. Magunia mawili. Nami nikamtoza mama yake miaka sita. Hesabu hiyo ni nani atakayeilipa, wewe?"

Hakuna aliyejibu. Yule mpwa akageuka akatazama kijito. Baada ya kitambo akamwendea dada yangu mkubwa, yule aliyerudishwa shuleni, akapiga magoti mbele yake mchangani, akamwomba radhi. Dada yangu akamwinua. Alikuwa amengoja neno lile tangu mwaka 1992, nasi tusijue, kwa kuwa sisi sote tulikuwa tukihesabu magunia, hakuna aliyemwuliza yeye.

Hivi ndivyo miti ilivyogawanywa. Mama alipata 50, kwanza kabla ya mtu mwingine. Watoto tukapata 84 kwa pamoja, wa kike na wa kiume, kila mtu kwa kadiri ya kazi yake; mimi nikapata michache kuliko dada zangu wawili, na ilikuwa haki, maana nalitumia miaka mingi vyuoni. Wapwa wawili walipata 20 kila mmoja, kwa kuwa wa pili naye alipalilia miaka mitatu katika ujana wake. Miti 10 baba alimpa mjomba wetu, kuwa shukrani ya ardhi ya ukoo, akamkumbusha lile neno la mwanzo: ardhi ni ya dada zetu, mti ni wa mkono ulioupanda. Mpwa wa tatu, ambaye hakuwahi kushika jembe pale, hakupata kitu. Akaondoka siku ile bila kuaga, na mpaka leo hajaja kwetu. Sitawaficha hilo. Haki haikumpendeza kila mtu, na yaliyobaki ni kazi yetu sisi tulio hai. Kila mwaka baada ya mavuno mama humpelekea debe moja la korosho. Mara mbili za kwanza alilirudisha. Mwaka jana hakulirudisha.

Usiku ule baba aliuchukua wosia wangu akaugeuza, akaandika nyuma yake kwa mkono wake uliotetemeka majina yote na hesabu ya miti. Watu wote wakatia sahihi, na wasiojua kuandika wakatia kidole. Karatasi hiyo ningali nayo. Upande mmoja una mwandiko wangu wa kunyoka, na upande wa pili una maneno yenye kufaa.

Alifariki mwezi wa nane mwaka 2019, wakati wa maua. Katika matanga yake hapakuwa na ugomvi wa mali, na wazee walishangaa, maana mwajua jinsi matanga mengi yalivyo. Jeneza lake lilibebwa na wanawe upande mmoja na wapwa zake upande wa pili. Mimi ndimi niliyepaswa kusema maneno kaburini, nikashindwa. Yule mpwa wa baiskeli akanishika mkono, akasema kwa niaba yangu maneno machache: "Mjomba alinisukuma mbali, kisha akaniita nimsukume. Nashukuru aliniita."

Walimu wenzangu, sisi tuliofundishwa vitabu tuna hatari moja, nayo ni kudhani kwamba jambo likiandikwa limekwisha. Baba yangu aliheshimu maandishi kuliko watu wengi, shahidi ni daftari lake. Lakini aliandika baada ya kupita shambani, wala si kabla. Mkiwafundisha watoto hesabu, wafundisheni na hesabu ya namna hii: ni nani aliyechota maji, ni nani aliyechimba shimo, ni nani aliyeinama kuokota. Mtaona kwamba majina ya akina mama huongezeka sana, na majina yetu hupungua.

Nanyi mababa mlio na mashamba, nawaomba jambo moja tu katika mwaka huu wa yubile. Msingoje maradhi. Chagueni siku moja baada ya mavuno, waiteni wake zenu, na watoto wenu, na wapwa zenu, na wajomba wa watoto wenu, mpite pamoja mti kwa mti, mpaka kwa mpaka, kila mtu asikie kwa masikio yake. Na kama katika kupita huko mtafika penye mti unaowakumbusha ndugu ambaye hamsemi naye, simameni pale pale, tumeni mtu na baiskeli. Baba yangu alituma, lakini kwa dada yake alikuwa amechelewa miaka 20.

Miaka 100 ya dayosisi hii imejengwa kwa matofali, na matofali yalifinyangwa na watu walioshiba mihogo na kunde za mashamba ya namna hii. Tukisoma majina ya maaskofu wetu, na tuyasome kwa heshima. Kisha tunyamaze kidogo kwa ajili ya wale waliokaa benchi la nyuma, wamechoka, mikono yao ina madoa ya korosho. Mungu awapumzishe. Na sisi atupe nguvu za kupalilia tulichokabidhiwa, na unyenyekevu wa kukigawa kwa haki tungali hai.